Ufadhili wa Vyuo Vikuu: Asilimia Inayomlemea Maskini

Tangu Mei 2023, Rais William Ruto alipozindua mfumo mpya wa kufadhili elimu ya juu, mzazi wa Kenya ambaye mtoto wake amepata C+ au zaidi katika KCSE amekuwa na maswali yale yale. Mtoto amewekwa bendi gani, yaani kundi gani la uhitaji? Aliyemweka huko alijuaje hali ya nyumba hii? Na karo ya kutoka mfukoni ni shilingi ngapi? Majibu yamebadilika mno. Oktoba 2024 Mahakama Kuu ilisimamisha mfumo huo kwa muda. Tarehe 20 Desemba mwaka huo Jaji Chacha Mwita akautangaza kuwa kinyume cha Katiba. Mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ikasitisha hukumu hiyo huku rufaa ikisubiri kusikizwa, na Julai Wizara ya Elimu ikatangaza kushusha karo. Mwanafunzi aliyefanya mtihani mwishoni mwa 2023 aliyapitia hayo yote kabla ya kuanza mwaka wake wa pili chuoni.

Longonot, kwenye barabara ya kutoka Mai Mahiu kwenda Naivasha, ni mahali pazuri pa kuupimia mfumo huu kwa sababu unakusudia kutofautisha nyumba na nyumba, na hapa nyumba zinatofautiana kweli. Yuko mfanyakazi wa shamba la maua anayepanda basi la kampuni alfajiri. Yuko mfugaji wa Kimaasai upande wa Suswa. Yuko mchuuzi anayewategemea madereva wa malori, na yuko mwenye ekari mbili za udongo wa majivu ya volkano zinazotoa mahindi mwaka wa mvua tu. Ziko pia familia zilizohamia Mai Mahiu baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 na 2008 na kuanza maisha upya. Watoto wa nyumba hizi wote hujaza fomu moja mtandaoni.

Deni lilitoka wapi

Mkopo wa serikali kwa wanachuo wa Kenya ulianza mwaka 1974. Kabla ya hapo elimu ya chuo kikuu ililipiwa na umma, kwa kuwa wanafunzi walikuwa wachache na taifa lilihitaji watumishi haraka. Idadi ilipoongezeka na bajeti ikabana, serikali ilianza mwaka 1991 kuwataka wazazi wachangie gharama. Mwaka 1995 ikaundwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, ili mikopo itolewe na kudaiwa kwa utaratibu.

Vyuo navyo vilijitafutia riziki. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia karo kamili, na vyuo vingine vikafuata. Kwa zaidi ya miaka 15 fedha hizo ziliziba mapengo, zikajenga kampasi mijini na kuajiri wahadhiri. Kisha kukaja KCSE ya 2016. Udanganyifu ulipodhibitiwa, waliopata C+ na zaidi walikuwa 88,929 pekee. Vyuo vya umma na vya kibinafsi vilikuwa na nafasi za kuwapokea karibu wote kama wanafunzi wa serikali, kwa hiyo soko la wanaojilipia likakauka karibu kwa mkupuo mmoja.

Wakati huo huo serikali ilibadilisha namna ya kuvilipa vyuo. Badala ya kumlipia kila mwanafunzi kiwango kimoja, ililipa kulingana na gharama ya kozi yake. Lengo lilikuwa serikali ibebe asilimia 80, na sehemu iliyobaki itoke kwa mwanafunzi na vyanzo vingine. Kwa maandishi, mpango ulikuwa mzuri. Lakini Hazina ya Taifa haikutoa asilimia 80, na kufikia 2022 mgao ulikuwa umeshuka chini ya nusu. Mwanafunzi naye aliendelea kulipa karo ile ile ya shilingi 16,000 kwa mwaka. Chuo kilibaki na mwanafunzi ambaye hakuna aliyekuwa akimlipia kikamilifu. Madeni ya vyuo vya umma yakazidi shilingi bilioni 60, ikiwa ni pamoja na makato ya kodi na pensheni yaliyotolewa kwenye mishahara bila kufikishwa yalikotakiwa. Egerton, chuo kilichoanzishwa Njoro mwaka 1939 kama shule ya kilimo na kupandishwa kuwa chuo kikuu 1987, ni miongoni mwa vilivyoumia vibaya.

Historia hii ina somo moja ambalo mjadala wa sasa huliruka: mfumo uliotangulia haukuanguka kwa sababu ya kanuni yake. Ulianguka kwa sababu kanuni iliandikwa na fedha hazikutolewa. Mfumo wowote unaoahidi asilimia una hatari hiyo hiyo.

Mfumo mpya unavyogawa

Jopokazi la Rais kuhusu mageuzi ya elimu, lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu, lilipendekeza fedha zimfuate mwanafunzi na zitofautiane kulingana na uhitaji wake. Ruzuku isiyorudishwa inatoka kwa Hazina ya Vyuo Vikuu, mkopo unatoka HELB, na familia inachangia kilichobaki. Katika tangazo la mwanzo wanafunzi waligawanywa makundi manne, na makundi mawili ya chini, yaani wasiojiweza na wahitaji sana, yaliahidiwa kwamba ruzuku na mkopo vingelipa karo yote. Familia isingetoa kitu.

Baadaye makundi yakawa bendi tano. Bendi ya kwanza ni familia yenye mapato yasiyozidi shilingi 5,995 kwa mwezi. Ruzuku yake ni asilimia 70 ya gharama ya kozi, mkopo asilimia 25, na familia asilimia 5. Bendi ya pili hufika shilingi 23,670 na mgao ni 60, 30 na 10. Bendi ya tatu, hadi shilingi 70,000, hupata 50, 30 na 20, na ya nne, hadi 120,000, hupata 40, 30 na 30. Anayezidi hapo yuko bendi ya tano: ruzuku asilimia 30, mkopo 30, na familia 40. Juu ya hayo kuna mkopo wa kujikimu unaoanzia shilingi 60,000 kwa mwaka kwa bendi ya kwanza na kushuka hadi 40,000 kwa ya tano.

Tazama kilichotokea kati ya tangazo la kwanza na jedwali hili. Familia maskini kabisa ilihama kutoka sifuri hadi asilimia 5. Mabadiliko hayo hayakupigiwa kelele kwa sababu asilimia 5 husikika kama kitu kidogo. Tutairudia hesabu hiyo, maana ndiyo kiini cha suala zima.

Hoja ya serikali na nguvu yake

Serikali inasema mfumo wa zamani ulimpa mtoto wa bwanyenye ruzuku sawa na mtoto wa kibarua. Wote walilipa 16,000. Waliosoma shule za bei ghali mjini Nakuru na Nairobi walipata alama za juu, wakachukua kozi ghali kama udaktari na uhandisi, na hivyo wakachota sehemu kubwa zaidi ya kodi ya Mkenya. Ni kweli tupu, na anayeupinga mfumo mpya lazima aijibu. Usawa wa kumpa kila mtu kiasi kile kile, katika nchi ambamo shule za msingi na za upili zimeshawatenganisha watoto, ni usawa unaowafaa waliotangulia.

Hoja ya pili ni ya hesabu. Waliopata C+ na zaidi walikuwa 173,345 mwaka 2022, wakawa 201,133 mwaka 2023, na 246,391 mwaka 2024. Hakuna hazina ya Afrika Mashariki inayoweza kulipia ongezeko la namna hiyo kwa kiwango kimoja bila kuwagusa wenye uwezo. Tanzania ilikabili swali hilo kwa njia ya mkopo. Bodi yake ya mikopo, HESLB, iliyoanza kazi 2005, hupima uhitaji na kutoa mkopo wa asilimia tofauti, kisha humkata mwajiriwa asilimia 15 ya mshahara. Kenya imechagua kuweka ruzuku mbele ya mkopo, na katika hilo inastahili sifa.

Udhaifu wa hoja ya serikali uko kwenye utekelezaji. Barua za kwanza zilionyesha gharama nzima ya kozi, na wazazi wengi wakadhani wanadaiwa mamia ya maelfu ya shilingi. Fedha zilichelewa huku vyuo vikitaka malipo kabla ya kusajili. Katika darasa moja waliketi wanafunzi wa mifumo miwili, wale walioingia kabla ya 2023 na wale waliofuata, wakisoma somo moja kwa karo zisizolingana. Mwezi Agosti 2024, baada ya malalamiko kwamba watoto wa vibarua walikuwa wamewekwa bendi za juu, Rais aliunda kamati ya watu 129 kuupitia mfumo. Kamati ya ukubwa huo kwa mpango wa mwaka mmoja ni ushahidi kwamba maandalizi yalikuwa mafupi.

Hoja ya wapinzani na mipaka yake

Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, KHRC, pamoja na kundi la Elimu Bora na wawakilishi wa wanafunzi, walikwenda mahakamani wakisema umma haukushirikishwa, mfumo hauna msingi katika sheria, na unawabagua wanafunzi kwa hali ya wazazi wao. Mahakama Kuu ilikubaliana nao katika mambo hayo makubwa.

Hoja ya ushirikishwaji ina uzito usiopingika. Kanuni inayoamua nani alipe 24,000 na nani alipe 72,000 kwa kozi moja haifai kutoka ofisini bila kupita Bungeni. Hoja ya sheria nayo ina faida ya moja kwa moja kwa mwanafunzi, kwa kuwa haki iliyo ndani ya sheria inaweza kudaiwa, na iliyo ndani ya tangazo hubadilishwa na tangazo lingine. Ahadi ya sifuri ilivyogeuka kuwa asilimia 5 ni mfano wa kutosha.

Kwenye ubaguzi nasita. Kumtofautisha mwanafunzi kwa mapato ya familia ndiyo maana yenyewe ya ruzuku ya uhitaji, na karibu kila nchi hufanya hivyo. Marekani ina Pell Grant tangu 1972. Afrika Kusini, kupitia mfuko wa NSFAS, tangu 2018 humlipia kikamilifu mwanafunzi maskini wa chuo cha umma ambaye mapato ya nyumba yao hayazidi randi 350,000 kwa mwaka. Kosa la Kenya haliko katika kutofautisha. Liko katika kutofautisha kwa kipimo kibovu na bila njia ya haraka ya kukirekebisha. Wanaotaka kurudi kwenye 16,000 kwa wote, wakiwemo wahadhiri wengi wanaodai mgao wa moja kwa moja kwa vyuo, hawajaonyesha bado fedha zile ambazo hazikutoka kabla ya 2023 zitatoka wapi sasa.

Kipimo kinapofika Longonot

Fomu inataka namba za vitambulisho na PIN za KRA za wazazi, shule aliyosoma mwombaji, ukubwa wa familia, kazi na mapato. Majibu huingizwa katika kanuni inayokadiria uwezo wa nyumba. Wachumi hutumia kanuni za namna hii pale ambapo watu wengi hawana hati za mshahara. Hukadiria vizuri wastani wa maelfu ya nyumba na hukosea sana kwa nyumba moja moja. Serikali ikipanga bajeti, wastani unatosha. Mwanafunzi yeye ni nyumba moja.

Chukua mfanyakazi wa maua kando ya Ziwa Naivasha. Ana hati ya mshahara, makato yake ya NSSF yanaonekana, PIN yake iko hai. Kima cha chini cha mshahara wa kilimo kwa asiye na ujuzi, baada ya nyongeza ya 2022, kilikuwa shilingi 7,544 kwa mwezi. Linganisha na mpaka wa bendi ya kwanza, 5,995. Mtu yeyote katika nchi hii aliyeajiriwa kihalali, hata kwa mshahara wa chini kabisa unaoruhusiwa shambani, amekwisha kutoka bendi ya kwanza kabla ya kuulizwa ana watoto wangapi. Mama anayelea watoto wanne peke yake kwa mshahara huo anaingia bendi moja na familia yenye karibu mara tatu ya mapato yake. Huko juu, mwenye maduka mawili yasiyo na vitabu vya hesabu anaweza kujitangaza apendavyo. Kipimo kinachoegemea kile kinachoonekana humwadhibu anayeonekana, na wanaoonekana zaidi Naivasha ni vibarua wa mashamba.

Ardhi nayo hupotosha. Reli ya SGR ilipofika Suswa mwaka 2019 na habari za bandari kavu zikaenea, bei za viwanja kati ya Mai Mahiu na Longonot zilipanda. Mwenye ekari mbili akawa tajiri katika karatasi. Lakini ekari hizo, juu ya udongo mwepesi unaopeperushwa na upepo wa Bonde la Ufa, hazimpi chakula cha mwaka, na kuziuza ili kulipa karo ni kuuza makao ya wadogo wanaofuata. Mfugaji ana tatizo linalofanana. Ng'ombe 30 ni mali kubwa mwezi wa Mei na mizoga mwezi wa Oktoba, kama ukame wa kati ya 2020 na 2023 ulivyothibitisha katika kaunti nyingi za ufugaji. Ukihesabu mifugo siku fomu inapojazwa, umehesabu siku hiyo tu.

Kisha kuna maafa. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamezuiliwa nyuma ya tuta la reli ya zamani juu ya Mai Mahiu yalifumuka, yakasomba nyumba katika kijiji cha Kamuchiri na kuua makumi ya watu. Waliokuwa wamemaliza KCSE miezi mitano kabla walijaza fomu za ufadhili mwaka huo huo. Nyumba iliyokuwa na paa la mabati na duka wiki moja, wiki iliyofuata haikuwa na lolote, pengine hata baba. Kipimo chochote kilichojengwa juu ya rekodi za zamani kitaiona bado ile nyumba ya mabati.

Na jambo la mwisho katika sehemu hii: tangu Oktoba 2024 mamlaka ya bima ya afya, SHA, nayo huzipima nyumba zisizo na mshahara kwa maswali ya mali na makazi ili kupanga mchango wao. Nyumba moja inapimwa na taasisi mbili za serikali hiyo hiyo kwa maswali tofauti, na hakuna anayelazimika kueleza majibu yakipingana.

Hesabu ya asilimia

Hata kipimo kingekuwa kamili, jedwali la bendi lingebaki na kasoro ambayo haitatuliwi na data bora. Mchango wa familia ni asilimia ya gharama ya kozi. Mfuko wa familia haukui kwa sababu mtoto amechaguliwa kozi ghali.

Tuseme kozi inagharimu shilingi 600,000 kwa mwaka, kiasi kilicho karibu na gharama iliyowekewa udaktari mfumo ulipoanza. Familia ya bendi ya kwanza itatoa asilimia 5, yaani 30,000. Ikiwa mapato yake ni 5,995 kwa mwezi, kwa mwaka inapata 71,940. Inaombwa takriban asilimia 42 ya kila kinachoingia nyumbani. Familia ya bendi ya pili iliyo kwenye mpaka wa juu, 23,670 kwa mwezi, itatoa 60,000, ambayo ni asilimia 21 ya mapato yake. Familia inayoingia bendi ya tano ikiwa na 120,000 na ushee itatoa 240,000, chini kidogo ya asilimia 17. Jedwali linaonyesha mzigo ukipanda kutoka 5 hadi 40. Ukilinganisha na mapato, unashuka kutoka 42 hadi 17.

Katika kozi ya shilingi 240,000 tofauti hupungua lakini haigeuki: karibu asilimia 17 kwa maskini na chini ya 7 kwa mwenye nacho. Kwa hiyo msichana wa Longonot mwenye alama za kusomea udaktari ana sababu ya kifedha ya kuomba kozi rahisi zaidi, na mwenzake wa bendi ya tano hana. Mfumo uliobuniwa ili kipaji kisizuiwe na umaskini unaweka kizuizi hasa pale kipaji kilipo kikubwa.

Deni nalo linastahili kuhesabiwa. Kwa kozi hiyo ya 240,000, mwanafunzi wa bendi ya kwanza anakopa 60,000 za karo na 60,000 za kujikimu: jumla 120,000 kwa mwaka. Wa bendi ya tano, akichukua mkopo wake wote, anakopa 72,000 na 40,000: jumla 112,000. Baada ya miaka minne maskini anadaiwa 480,000 na tajiri 448,000, kabla ya riba ya HELB ya asilimia 4. Mtoto wa bendi ya tano anaweza hata kuukataa mkopo huo, baba akalipa. Mtoto wa bendi ya kwanza hawezi kukataa fedha za chakula. Ruzuku kubwa aliyopewa kwa mkono mmoja inapunguzwa na mkopo wa kujikimu kwa mkono wa pili.

Kisha kuna ngazi zenyewe. Familia yenye 23,670 inalipa asilimia 10, na yenye shilingi moja zaidi inalipa 20. Kwa kozi yetu ya 240,000 shilingi hiyo moja inagharimu 24,000 kwa mwaka. Penye ngazi kali namna hii ndipo barua za uongo hutafutwa, na ndipo mtu mkweli hujiona mjinga.

Punguzo lililotangazwa na Waziri wa Elimu Julius Ogamba Julai 2025 liliweka karo kati ya shilingi 5,500 na 75,000 kwa muhula, kutegemea kozi. Ni nafuu ya kweli, na wazazi waliipokea kwa shukrani. Hata hivyo kanuni ya msingi imebaki pale pale, kwa kuwa kinachoamua bado ni kozi.

Basari na barua ya chifu

Pengo linalobaki, kwa kawaida, huzibwa na basari: ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, kupitia ofisi ya mbunge, na ya kaunti kupitia wadi. Ubora wake ni ukaribu. Kamati ya wadi ya Mai Mahiu inajua ni nyumba gani ilisombwa na maji bila kuuliza PIN. Chifu anajua ni mzazi yupi anaumwa. Elimu hii ya mtaani ndiyo inayokosekana kwenye kompyuta.

Ubaya wake pia unajulikana na kila mtu: fedha hugawanywa kwa vipande vidogo ili zifikie wapiga kura wengi, mjumbe hukumbuka waliomsaidia, na asiyejua mtu hurudi nyumbani na fomu. Tena msingi wa kisheria umetikisika. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya NG-CDF ni kinyume cha Katiba na mfuko huo ukome tarehe 30 Juni 2026. Mapema 2025 Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, alizitaka kaunti ziwe na makubaliano rasmi na serikali kuu kabla ya kulipa basari, kwa kuwa elimu ya juu si jukumu la kaunti. Anayesema asilimia 5 zitalipwa na basari anaegemea ukuta unaobomolewa.

Kipi kinazidi

Nikipima yote haya, naona kanuni ya uhitaji inapaswa kubaki. Kurudi kwenye kiwango kimoja ni kurudi kwenye ruzuku ya wenye nacho na vyuo vinavyokopa kulipa mishahara. Kinachotakiwa kubadilika ni mambo matatu, na kila moja lina gharama yake.

La kwanza ni mchango wa familia. Upimwe kwa mapato ya nyumba badala ya kozi, na bendi ya kwanza isilipe kitu, kama ilivyoahidiwa mwanzoni. Mpaka wa bendi hiyo uinuliwe angalau hadi kima cha chini cha mshahara wa kilimo, ili serikali isiite kibarua wa maua mwenye uwezo kwa sababu tu mwajiri wake anafuata sheria. Mkopo wa kujikimu wa bendi hiyo ugeuzwe kuwa ruzuku. Fedha zitoke wapi? Sehemu inaweza kutoka kwa ruzuku ya asilimia 30 inayopewa bendi ya tano, lakini kwa uangalifu. Bendi hiyo haina dari. Walimu wawili waliooana, wenye watoto watatu vyuoni, wanaweza kuingia humo pamoja na mwenye majumba ya kupangisha. Idadi ya watoto walio chuoni kwa wakati mmoja lazima ihesabiwe kwanza, la sivyo tutawaponza waajiriwa wa kati kwa ajili ya maskini na kuwaacha matajiri wa kweli.

La pili ni ushahidi. Nyumba ambayo tayari iko kwenye orodha ya Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa fedha wasiojiweza, haina haja ya kupimwa tena. Mtoto wake aingie bendi ya kwanza moja kwa moja, kama Afrika Kusini inavyofanya kwa familia zinazopokea posho ya jamii, na kama Tanzania inavyouchukulia ufadhili wa TASAF kuwa ushahidi wa uhitaji. Hapa tunapoteza usahihi kiasi: orodha hiyo nayo ina makosa, na maskini wengi hawamo. Lakini kosa la kumwingiza asiyestahili ni la shilingi, na kosa la kumwacha anayestahili ni la mtoto kukaa nyumbani. Sioni yakilingana.

La tatu ni rufaa. Mwanafunzi wa Longonot anayepinga bendi yake leo hushindana na mtandao na laini za simu zisizojibiwa. Rufaa isikizwe katika ngazi ya kaunti ndogo, Naivasha, na watu wachache wanaojulikana kwa majina, pamoja na chifu akiwa shahidi na si mwamuzi. Uamuzi utolewe kwa maandishi ukieleza ni jibu lipi la fomu lililompandisha bendi, na utoke kabla ya siku ya kuripoti chuoni. Hatari ya upendeleo itakuwepo, kama ilivyo kwenye basari. Itapungua ikiwa kila uamuzi na sababu yake vinabandikwa hadharani, bila jina la mtoto.

Yote matatu yanahitaji sheria ya Bunge, hata Mahakama ya Rufaa ikiamua upande wa serikali. Bila sheria, waziri mwingine anaweza kuzitangaza upya bendi hizi kwa mkutano mmoja wa waandishi wa habari, na Hazina ya Taifa inaweza kufanya ilichofanya kabla ya 2023: kukubali asilimia kwa mdomo na kutoa nusu yake. Kifungu cha kwanza cha kuandikwa kiseme kwamba fedha za bendi ya kwanza na ya pili hulipwa kabla ya nyingine zote, na kwamba chuo hakina ruhusa ya kumnyima usajili mwanafunzi wa bendi hizo kwa ajili ya fedha ambazo serikali yenyewe haijatuma.